Saa ya Mtu Mwingine

Chumba cha Mama Nasaha, mshauri wa wagonjwa katika kituo cha afya, zamani kilikuwa chumba cha giza cha kusafishia picha za eksirei. Hakikuwa na dirisha, na ukuta mmoja ulikuwa na doa la dawa ambalo mafundi rangi watatu walilifunika na mara zote tatu likarudi. Juu ya mlango, upande wa nje, ilibaki balbu nyekundu iliyokuwa ikiwazuia watu wasiingie ghafla na mwanga. Mama Nasaha aliipenda mno balbu hiyo. Mteja akishakaa, yeye huiwasha, na ikiwaka hata daktari mkuu wa kituo hupita pale mlangoni akikanyaga kwa adabu.

Jina hilo la Mama Nasaha walimpa wauguzi kwa utani, likamganda. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, miwani yake haikai puani, na mbishi wa kuzaliwa. Ubishi wake mkubwa kuliko wote ni kwamba mtu hakatwi vipande. Pale kituoni walishagawana mwili wa binadamu zamani: huyu meno, yule macho, mwingine tumbo. Yeye akiletewa mtu asiyepata usingizi, anaanzia mbali kabisa. Unakula saa ngapi? Kazini unakwenda kwa miguu au kwa gari? Nyumbani nani anakukasirisha, na nani unacheka naye? Unasali? Uliacha lini, na kwa nini? Halafu anamwekea mezani karatasi kubwa na penseli, achore watu wake wote, mwanamke kwa duara, mwanamume kwa mraba, na aliyekufa apigwe mstari katikati.

Daktari wa meno hakuchoka kumchokoza. "Mama, mgonjwa wako umeshamuuliza jina la paka wake?"

"Nimemuuliza. Na ndiye peke yake anayemsikiliza. Wewe umemng'oa jino ukamrudisha nyumbani, hukumuuliza kwa nini anayasaga usiku kucha."

Wanafunzi wa chuo walioletwa kwake kujifunza kazi aliwasomesha mambo matatu kabla ya kuwaonyesha hata kiti. Usimdhuru mtu. Alichokuambia kife na wewe. Na la tatu, ambalo alilirudia mpaka wakawa wanamuigiza nyuma ya mgongo wake: saa moja aliyokuja nayo mteja ni mali yake. "Mkiingia humu na kiu zenu, mtakunywa maji ya mgonjwa," aliwaambia. Wateja wote aliwaita dada au kaka, hata wale ambao angeweza kuwazaa. Kumwita mteja "mwanangu" alikataa katakata.

Haya yote aliyajua vizuri, na ndiyo maana watu walimheshimu. Lakini mganga hajigangi, wahenga hawakukosea.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyezaliwa saa sita kamili mchana wakati kengele ya shule ya jirani inagongwa. Mama akamwita Saa Sita. Lilikuwa jina la wawili hao tu, hata baba yake hakulitumia. Baba huyo alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na tangu wiki ya mazishi mtoto akaanza kukojoa kitandani. Ilidumu miaka mitano. Kila alfajiri mama alifua mashuka kabla majirani hawajaamka, akayaanika ndani, na hakuna aliyelizungumza, si mama wala mwana. Kidogo kidogo likaisha. Kijana akafika miaka kumi na saba akiwa mrefu, msemaji mzuri wa midahalo ya shule, kama si yeye.

Mwaka huo shule ikamwalika mama yake aje kuzungumza na wazazi kuhusu watoto waliofiwa. Ukumbi ulijaa. Alizungumza vizuri, na alipoona watu wanaanza kusinzia akataka kuwaamsha kwa mfano. "Namfahamu kijana mmoja," akasema, na akaeleza yote: baba, mashuka, miaka mitano. Jina hakutaja. Alidhani kutotaja jina ndiko kutunza siri, kana kwamba pale ukumbini kulikuwa na wajane wengine kumi wenye mtoto mmoja wa kiume. Jumatatu kijana alikuta nepi ya mtoto mchanga imefungwa kwenye dawati lake.

Hakupiga kelele. Alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni na mkoba wake wa shule begani. "Mama, wageni unawatunzia siri zao. Yangu umeipeleka mnadani."

Aliomba radhi siku ile, na kesho yake, na mwezi mzima. Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana alimaliza mitihani, akaondoka na begi moja, akabadilisha namba ya simu, na tangu hapo miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Mama alimtafuta kwa shangazi, kwa wajomba, kwa marafiki wa shule. Wengine hawakujua, wengine walijua wakaapa hawajui. Akahamishwa kikazi kutoka mji ule kuja mji huu, akafungasha hadi madaftari ya mwanawe ya darasa la pili. Kwenye foleni yoyote yenye wanaume warefu alikuwa anatazama visogo, kimoja baada ya kingine, na moyo unamdunda bure. Alimwonea hamu mtoto wake kila siku ya Mungu, na kuzoea hakuzoea.

Sasa, mwaka huo wa kumi na mmoja, muuguzi wa kliniki ya watoto akamletea mama mmoja kijana. Alikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda cha uchapaji, yuko likizo ya uzazi, mtoto wake wa kike ana miezi mitatu. Shida yake aliieleza akiangalia sakafu. Mtoto akilala, yeye halali. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba atamdondosha. Akipita na mtoto karibu na ngazi, dirisha au jiko, mikono inakufa ganzi.

"Hujamdondosha," Mama Nasaha alimwambia.

"Bado," yule dada akajibu, na wote wawili wakajikuta wanacheka kidogo, jambo lililompa Mama Nasaha matumaini.

Kwenye fomu alikuwa ameandika jina la mume wake kama mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Jina lenyewe lilikuwa lile lile la mwanawe, lakini wenye jina hilo mjini wanatosha kuunda timu mbili za mpira na waamuzi wao. Mama Nasaha hakustuka.

Jumatano ya pili akamwekea karatasi na penseli. Dada akachora kwao kwanza, wengi, wakajaa upande mzima. Upande wa mume akachora mraba mmoja, juu yake mraba wenye mstari, kisha duara, nalo akalipiga mstari.

"Huyu ni mama mkwe. Alishafariki."

"Pole."

"Sikumkuta. Mume wangu anasema alikufa ghafla, yeye akiwa na miaka kumi na saba. Ila kuna kitu sikielewi, mama. Kaburi hajawahi kunionyesha. Nikimuuliza anasema liko mbali."

Mama Nasaha akaandika: mume, maombolezo, hayajaisha. Akauliza swali lake la kawaida, nyumbani wanamwitaje mtoto.

"Ah, huyo!" Uso wa yule dada ukachangamka kwa mara ya kwanza. "Ana jina lake zuri kabisa, la bibi yangu, lakini baba yake hataki kulitumia. Eti Saa Sita! Mtoto nimemzaa alfajiri, jogoo hata hajawika. Nikamwambia, baba wee, saa sita ya wapi hiyo? Akasema ni jina la kwao."

Kalamu ya Mama Nasaha ilisimama. Alitazama lile duara lenye mstari, na akajua kwamba anajitazama yeye. Alikuwa amekufa, ghafla, miaka kumi na mmoja iliyopita, na mkwewe ndiye anampa habari za msiba. Chini yake kulikuwa na mwanawe, na chini ya mwanawe kiduara kidogo, mjukuu wake.

Kanuni yake ilikuwa wazi na aliijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Ukigundua kwamba aliyekaa mbele yako amefungamana na maisha yako, unasimama pale pale, unamwambia huwezi kuendelea naye, unamkabidhi kwa mwenzako. Aliwahi kumfelisha mwanafunzi kwa swali hilo hilo. Akanywa maji glasi nzima.

"Endelea, dada," akasema.

Ndivyo alivyoanza kuiba. Nasema kuiba kwa sababu hata mwenyewe baadaye alilitumia neno hilo, na mimi sina sababu ya kumlainishia. Jumatano zilizofuata akawa anafika kazini kabla ya mfagizi. Akashona gauni jipya. Maswali yake yale yale ya kumtazama mtu mzima mzima, yaliyowahi kuwaponya wengi, sasa yote yakapinda kuelekea upande mmoja. Mume wako analala vizuri? Anakula nini asubuhi? Akirudi kazini anakaa wapi? Na yule dada, kwa kuwa alimwamini, alijibu yote. Kumbe mwanawe ni fundi wa majokofu. Kumbe anapiga mluzi akinyoa. Kumbe nguo zake hataki mtu azipige pasi, anapiga mwenyewe, kola kwanza, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Na mtoto akilowesha kitanda," dada alisema Jumatano ya nne, "baba yake anaruka kabla yangu. Anabadilisha shuka kimya kimya. Dada yangu alikuja kututembelea, akatania, akasema huyu kikojozi huyu. Mume wangu alimkatalia mbele ya watu. Alisema katika nyumba hii hakuna anayesemwa kwa hilo. Mtoto wa miezi mitatu, mama! Anaona aibu gani?"

Mama Nasaha aliinama akijifanya anatafuta kofia ya kalamu iliyoanguka. Alikaa chini ya meza mpaka macho yakakauka. Jioni alifungua faili kusoma namba ile ya dharura. Hakuiandika popote. Aliisoma mara tatu tu, ikaingia, ikakaa.

Jumatano ya tano saa ilikwisha na yule dada hakuinuka. Alishika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Mama, samahani kama nitakuwa nakosa adabu."

"Sema, dada."

"Leo tumemwongelea mume wangu mwanzo mpaka mwisho. Wiki iliyopita pia. Ana nini huyo mume wangu? Maana yeye analala, anakula, anakoroma. Mimi jana nimesimama juu ya ngazi na mtoto, nikashindwa kushuka. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, nimemng'ang'ania mpaka analia, nikingoja jirani arudi kazini aje amchukue. Leo nilikuja kukuambia hilo. Hukuniuliza."

Hakuna kitabu kilichowahi kumchapa Mama Nasaha kama maneno hayo. Alimwomba radhi, akamwongezea nusu saa, lakini masikio yake mwenyewe yalikuwa yanavuma na hakusikia vizuri. Yule dada alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wake.

Watu wa kazi ile kila mmoja ana msimamizi, mtu wa kumwambia ulichokifanya chumbani ili asikuachie ujidanganye. Wa Mama Nasaha alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, mwenye ofisi ghorofa ya pili na mafua yasiyokwisha. Alisikiliza yote, akapenga kamasi, akauliza swali ambalo Mama Nasaha aliliogopa.

"Namba umeinakili?"

"Sikuinakili."

"Dada yangu."

"Nimeikariri."

Msimamizi akavua miwani yake. "Wiki ya pili ulijua. Leo ni ya tano."

"Najua kuhesabu."

"Basi unataka nikuambie nini? La kufanya unalijua. Umewafundisha watu."

"Nataka uniambie kuna njia nyingine." Akavuta kiti karibu na meza. "Miaka kumi na mmoja nimemtafuta. Mungu kaniletea mkewe mpaka kwenye kiti changu, nami nimfunge mlango? Nimpoteze mara ya pili?"

"Hukumpata. Ulikuwa unamchungulia kupitia kwa mkewe, na mkewe anaumwa."

"Kama nitamwandikia barua mwenyewe, yeye, mwanangu? Mke nisimtaje kabisa?"

"Kwa anwani uliyoipata wapi?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wa Mama Nasaha ulikuwa mzito.

"Kijana alikukimbia kwa sababu ulichukua kitu cha ndani ukakitumia," msimamizi akasema, sasa kwa upole. "Akija kujua umempata kwa njia hii, kupitia chumba cha siri cha mkewe, atakuwa amekukimbia kwa haki mara mbili. Na huyo binti hatamwamini mtu tena maishani. Nasikitika, dada. Kweli nasikitika."

Akamsogezea boksi la tishu. Zilikuwa zimebaki mbili, wakagawana.

Wiki ile Mama Nasaha alifanya aliyopaswa kuyafanya. Alimtafuta mshauri mwenzake katika hospitali ya upande wa pili wa reli, mwanamke aliyebobea katika shida za wazazi wapya, akampatia nafasi yule dada Alhamisi. Hakutaka akae hata wiki moja bila mtu. Usiniulize alilala vipi siku hizo.

Jumatano ilipofika hakuuliza habari za mume. Aliuliza habari za ngazi. Ni ngazi ngapi? Ukisimama juu, hofu inaanzia wapi, miguuni au tumboni? Nyinyi mlipokuwa watoto, nani aliwahi kuanguka? Yule dada akasema mdogo wake aliwahi kuponyoka mikononi mwake, yeye akiwa na miaka minane, na hajawahi kumwambia mtu. Akalia kilio cha mtu aliyengoja zamu yake. Mama Nasaha alimsikiliza yeye, yeye peke yake, kwa dakika arobaini, na ilikuwa kazi nzuri. Alijua ni nzuri, na alijua hatakuwepo kuimalizia.

Ndipo akamwambia. "Dada, leo ni siku yetu ya mwisho. Kosa si lako hata chembe, ni langu. Katika maisha yako kuna mtu ninayemfahamu, na kwa sababu hiyo siwezi kukusikiliza inavyotakiwa. Umeliona mwenyewe kabla sijalisema. Nilipaswa kukuambia wiki ya pili. Nimekukosea, na ukitaka kunishitaki kwa wakubwa wangu nitakupa karatasi ya malalamiko."

Yule dada alifuta uso. Hakuwa mjinga, na maswali ya wiki tatu yalikuwa bado kichwani mwake. "Ni upande wa mume wangu."

"Sitasema ni nani."

"Ulimfahamu mama yake?"

Balbu ilikuwa inawaka nje, hakuna ambaye angeingia kumwokoa. "Hilo sitalijibu, dada. Jibu unalistahili, ila kutoka kwangu, humu ndani, haliwezi kutoka."

"Nimwambie basi? Nimpe salamu, nimwambie kuna mtu anafahamiana na kwao?"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja tu, ndiyo, na jioni ile ile lingefika mezani kwa mwanawe bila yeye kupiga simu. Lakini lingefika limebebwa na mtu aliyeshindwa kushuka ngazi, juu ya mizigo yake mingine yote.

"Ya humu ni yako. Ukitaka kumwambia mume wako uliyoyasema wewe, mwambie. Salamu zangu usibebe."

Yule dada alikunja ile karatasi ya michoro, maana ilikuwa yake, akaitia mkobani. Alifika mlangoni, akageuka.

"Unajua juzi alikuwa anamwogesha mtoto. Nikamsikia anamwambia, 'Mama angekuona wewe!' Basi, akanyamaza. Sijui kwa nini nakuambia."

Mama Nasaha alishika ukingo wa meza. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinapiga kelele kwamba mama yupo, mama amesimama hapa, mama ana gauni jipya. Alimwonea hamu mtoto wake siku ile kuliko siku zote kumi na moja za kuzaliwa kwake alizokuwa amezihesabu peke yake. Na alijua kwamba huenda huu ndio wema pekee wa kweli atakaoweza kumfanyia, na kwamba kijana mwenyewe hatakuja kuujua.

"Kesho saa tatu asubuhi, dada," akasema. "Yule mama ni mzuri kuliko mimi. Mwambie habari ya mdogo wako kwanza."

Akamfungulia mkwewe mlango, akamwacha aende.